Mwongozo kamili wa kushughulikia mpangilio wa baiti katika viendeshi vya vifaa vya Linux

Wengi wanaoandika kiendeshi chao cha kwanza hukwama mahali pamoja. Kiendeshi kinafanya kazi bila kasoro kwenye kompyuta ya x86, lakini kinapohamishiwa kwenye mashine ya s390x, au ya PowerPC au MIPS inayotanguliza baiti kubwa, fremu ya baiti 1500 inaripotiwa kuwa na baiti 56325, anwani za DMA (njia ya kifaa kufikia kumbukumbu bila kupitia prosesa) zinaelekea pasipojulikana, na kifaa kinanyamaza. Hapo wengi huanza kunyunyiza vitendakazi vya kugeuza baiti huku na kule hadi namba zionekane sawa. Dawa hiyo hutuliza dalili moja na kuzusha nyingine, kwa sababu mwandishi hajui tena ni thamani ipi imekwisha kugeuzwa na ipi bado.

Mwongozo huu unafuata kanuni moja: kila data inayovuka mpaka kati ya prosesa na kifaa ipewe aina inayotaja mpangilio wake, igeuzwe mara moja tu pale pale mpakani, na chombo cha ukaguzi kisimamie jambo hilo badala ya macho yako.

Mpangilio unaoweka baiti yenye uzito mdogo kwenye anwani ya chini nitauita ndogo-kwanza. Katika majina ya Linux huonekana kwa herufi `le`. Ule unaoanza na baiti yenye uzito mkubwa nitauita kubwa-kwanza, nao huonekana kwa herufi `be`. Namba `0x11223344` hukaa kwenye kumbukumbu kama `44 33 22 11` katika mpangilio wa kwanza, na kama `11 22 33 44` katika wa pili.

## Vinavyohitajika

- Waraka wa kiufundi wa kifaa, hasa kurasa zinazoeleza rejista (sehemu za kifaa ambazo prosesa huzisoma na kuziandika) na deskripta za DMA (miundo midogo kwenye kumbukumbu inayokiambia kifaa data iko wapi na ina urefu gani).
- Msimbo chanzo wa kerneli ya Linux unaoweza kuujenga kwenye mashine yako.
- Chombo cha ukaguzi kiitwacho sparse, ambacho husoma msimbo wa C na kuonya bila kuuendesha.
- Kompaila ya PowerPC ya biti 64, ambayo amri zake huanza na `powerpc64-linux-gnu-`.
- QEMU, programu ya kuiga mashine nyingine, yenye `qemu-system-ppc64`, kwa wasio na mashine halisi ya kubwa-kwanza.

## Hatua ya 1: Andika mpangilio wa kila kitu kinachovuka mpaka

Kabla ya kugusa msimbo, pitia waraka wa kifaa na uandike mpangilio wa makundi matatu, kila kundi peke yake: rejista, miundo ya deskripta iliyo kwenye kumbukumbu, na data yenyewe inayosafirishwa. Sababu ya kuyatenga ni kwamba kifaa kimoja huweza kuwa na mpangilio tofauti katika kila kundi. Kadi ya mtandao, kwa mfano, huwa na deskripta za ndogo-kwanza, ilhali vichwa vya pakiti inazobeba ni vya kubwa-kwanza, kwa sababu ndivyo itifaki za intaneti zilivyoagiza.

Baadhi ya mipangilio imekwisha kuwekwa na viwango, hivyo huna haja ya kuibahatisha. PCI, USB, NVMe, AHCI na xHCI hutumia ndogo-kwanza. Amri za SCSI ni kubwa-kwanza. Virtio, kiwango cha vifaa vya mashine pepe, kuanzia toleo 1.0 ni ndogo-kwanza, lakini virtio ya kale hufuata mpangilio wa mashine mgeni, jambo ambalo bado linawasumbua wanaolazimika kuhudumia matoleo yote mawili.

Onyo: usithibitishe mpangilio kwa kusoma thamani moja tu. Rejista ya toleo ya kifaa cha NVMe 1.4 ina `0x00010400`. Ukiisoma kinyume utapata `0x00040100`, yaani toleo 4.1, namba inayopita bila kumshtua mtu. Sufuri tupu na `0xFFFFFFFF` ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa zinasomeka vilevile pande zote mbili. Tafuta thamani isiyo na ulinganifu, kama kitambulisho cha mtengenezaji: `0x8086` ikigeuka inakuwa `0x8680`, nawe utaitambua papo hapo.

Umefanikiwa pale unapoweza kunyooshea kidole sehemu yoyote ya waraka na kusema mpangilio wake bila kusita. Sehemu ambayo huwezi kuisemea ndiyo itakayokurudisha hapa baadaye.

## Hatua ya 2: Beba mpangilio ndani ya aina ya data

Linux ina aina maalumu za kazi hii: `__le16`, `__le32`, `__le64` na wenzao wa `__be`. Kwa kompaila ya kawaida, aina hizi si chochote zaidi ya namba nzima. Kwa sparse, kila moja ni aina tofauti isiyochanganyika na nyingine. Ndiyo maana `u32` haina nafasi ndani ya muundo ambao kifaa kinausoma au kuuandika.

Tuseme kadi yetu ina deskripta ya baiti 16:

```
struct kadi_deskripta {
        __le64 anwani;
        __le16 urefu;
        __le16 bendera;
        __be16 vlan;
        __le16 hifadhi;
};
static_assert(sizeof(struct kadi_deskripta) == 16);
```

Angalia sehemu ya `vlan`: ni ya kubwa-kwanza katikati ya majirani wa ndogo-kwanza, kwa sababu kifaa huinakili moja kwa moja kutoka kwenye pakiti. Mchanganyiko kama huu si ajabu, na muundo uliotiwa alama hivi unaueleza bila kuhitaji maelezo ya pembeni. Mstari wa `static_assert` unazuia kompaila kuongeza nafasi tupu kimyakimya.

Usitumie sehemu za biti za lugha ya C, zile zinazoandikwa kwa nukta mbili na idadi ya biti, katika muundo wa kifaa. Mpangilio wa biti hizo huamuliwa na kompaila pamoja na jukwaa, na ukizitumia utajikuta unaandika kila muundo mara mbili kwa `#ifdef`. Tumia `GENMASK` na `BIT` kutaja biti, kisha `FIELD_GET` na `FIELD_PREP` kuzisoma na kuziweka baada ya thamani nzima kugeuzwa. Kwa anayetaka kufanya yote kwa mkupuo mmoja, `le32_get_bits` na `le32_encode_bits` zipo kwenye `linux/bitfield.h`.

## Hatua ya 3: Soma na uandike rejista kwa kitendakazi sahihi

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tusiende haraka.

Vitendakazi `readl` na `writel` huchukulia kwamba rejista ni ya ndogo-kwanza, na vyenyewe hugeuza thamani kuwa katika mpangilio wa prosesa. Maana yake ni kwamba kinachorudishwa na `readl` ni namba ya kawaida, tayari kwa hesabu. Mstari ufuatao, ambao huonekana kama uangalifu, ni kosa:

```
hali = le32_to_cpu(readl(base + REJ_HALI));
```

Kwenye x86 mstari huu hauna madhara, kwa sababu ugeuzaji wote miwili ni kazi bure. Kwenye prosesa ya kubwa-kwanza, `readl` inanyoosha baiti, kisha `le32_to_cpu` inazipindua tena. Ndiyo sababu kosa hili huishi miaka ndani ya viendeshi ambavyo havijawahi kutoka kwenye x86. Ondoa ugeuzaji wa pili:

```
hali = readl(base + REJ_HALI);
```

Ikiwa rejista ni za kubwa-kwanza, tumia `ioread32be` na `iowrite32be`. Usifikiri kwamba hali hii hutokea kwenye prosesa za kubwa-kwanza pekee. Katika familia ya Layerscape ya NXP, prosesa ni za ARM zinazoendeshwa kwa ndogo-kwanza, ilhali baadhi ya vifaa vilivyo ndani ya chipu hiyo hiyo vina rejista za kubwa-kwanza. Mpangilio wa prosesa hausemi lolote kuhusu mpangilio wa kifaa, na kiendeshi kinachouliza kwa `#ifdef` kama prosesa ni ya aina gani kinauliza swali lisilo lake.

Kifaa kimoja kinapopatikana katika matoleo yenye mipangilio tofauti, njia ninayoipendelea ni regmap, sehemu ya kerneli inayosoma na kuandika rejista kwa niaba ya kiendeshi. Mti wa vifaa (device tree), yaani faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyomo kwenye mashine, huweza kubeba sifa ya `big-endian`, `little-endian` au `native-endian`, na regmap huisoma yenyewe mradi usiwe umeweka `val_format_endian` ndani ya usanidi; ukiiweka, thamani yako ndiyo itakayoshinda. Kumbuka pia kwamba regmap ya rejista zilizo kwenye kumbukumbu isipoelekezwa huchukua ndogo-kwanza, lakini ile ya I2C na SPI huchukua kubwa-kwanza.

Maonyo mawili kuhusu rejista. La kwanza ni `__raw_readl` na `__raw_writel`: hazigeuzi chochote, wala hazihakikishi kwamba maandishi yaliyotangulia kwenye kumbukumbu yamekwisha kufika kabla kifaa hakijaamshwa. Anayezichukua ili "kukwepa ugeuzaji" hupoteza mambo mawili kwa mpigo. La pili ni bandari za foleni, yaani anwani moja ambayo data nzima hupitia kipande kwa kipande. Kwa hizo tumia `readsl`, `writesl` au `ioread32_rep`. Hizi haziigeuzi data, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana mkondo wa baiti unapaswa kutua kwenye kumbukumbu kwa mfuatano uliotoka nao kwenye kifaa. Ukizunguka kwa `readl` ndani ya kitanzi, faili utakayoisoma kwenye mashine ya kubwa-kwanza itakuwa na kila baiti nne zimepinduliwa.

## Hatua ya 4: Geuza deskripta pale pale unapozijaza

Kumbukumbu iliyotengwa kwa `dma_alloc_coherent` huguswa na prosesa moja kwa moja, kama kumbukumbu nyingine yoyote. Hakuna `readl` katikati, kwa hiyo hakuna anayekugeuzia. Tofauti hii kati ya rejista na deskripta ndiyo inayowachanganya wengi: ya kwanza hugeuzwa na kitendakazi, ya pili hugeuzwa na wewe.

```
d->anwani  = cpu_to_le64(dma);
d->urefu   = cpu_to_le16(urefu);
d->vlan    = cpu_to_be16(tagi);
dma_wmb();
d->bendera = cpu_to_le16(BENDERA_MILIKI);
writel(nafasi, base + REJ_KENGELE);
```

Bendera ya umiliki inaandikwa mwisho, baada ya `dma_wmb`, ili kifaa kisiichukue deskripta iliyojazwa nusu. Hilo ni suala la mfuatano wa maandishi na si la baiti, ila hukaa jirani kiasi kwamba anayerekebisha moja huvuruga jingine.

Wakati wa kusoma, weka matokeo kwenye kigezo kipya chenye aina ya kawaida:

```
u16 urefu = le16_to_cpu(d->urefu);
```

Vipo vitendakazi kama `le16_to_cpus` vinavyogeuza thamani mahali ilipo. Ushauri wangu ni kuviepuka, kwa sababu baada ya kuvitumia, sehemu iliyoandikwa `__le16` huwa haina tena ndogo-kwanza ndani yake, na msomaji anayefuata atadanganywa na tangazo la aina.

Hesabu haifanyiki juu ya thamani isiyogeuzwa. Kuandika `d->urefu += 4` ni kosa; geuza, jumlisha, kisha rudisha, au tumia `le16_add_cpu`. Ulinganisho wa usawa na upimaji wa biti, kwa upande mwingine, vinaruhusiwa iwapo pande zote mbili zina mpangilio mmoja:

```
if (d->bendera & cpu_to_le16(BENDERA_IMEKWISHA))
```

Namna hii ina faida yake: thamani thabiti hugeuzwa wakati wa kujenga, hivyo hata prosesa ya kubwa-kwanza hailipi gharama yoyote wakati kiendeshi kinafanya kazi.

### Data isiyo na mpangilio

Safu za baiti, kama maandishi, yaliyomo ndani ya pakiti na anwani ya MAC, hazina mpangilio wa kugeuza. Taabu huanza pale safu hiyo inapotakiwa kuingia kwenye rejista. Kadi nyingi huhifadhi anwani ya MAC katika rejista mbili, oktedi ya kwanza ikikaa kwenye biti za chini. Njia ya mkato ambayo hukutwa mara kwa mara ni hii:

```
writel(*(u32 *)mac, base + REJ_MAC_CHINI);
```

Kwenye prosesa ya kubwa-kwanza, anwani inayoanza na `00 11 22 33` husomwa kama `0x00112233` badala ya `0x33221100`, na kadi inasikiliza anwani isiyo yake. Mstari huo una kosa la pili: hakuna anayehakikisha kwamba `mac` imeanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa nne. Njia sahihi hutibu yote mawili:

```
writel(get_unaligned_le32(mac), base + REJ_MAC_CHINI);
writel(get_unaligned_le16(mac + 4), base + REJ_MAC_JUU);
```

Vitendakazi hivi vimo kwenye `linux/unaligned.h`, katika kerneli zilizotangulia 6.12, faili hilo ni `asm/unaligned.h`.

## Hatua ya 5: Fahamu ni nani aliyekwisha kukugeuzia

Mifumo midogo ya kerneli haifanani. Sehemu ya `vendor` ndani ya `struct pci_dev` tayari iko katika mpangilio wa prosesa, na `pci_read_config_word` nayo hugeuza. Kwa USB mambo ni kinyume: `idVendor` ndani ya maelezo ya kifaa hubaki `__le16`, na lazima uipitishe kwenye `le16_to_cpu`.

Katika I2C, `i2c_smbus_read_word_data` hufuata SMBus, ambamo baiti ndogo hutangulia. Vipima joto vingi hutuma baiti kubwa kwanza; kwa hivyo ipo `i2c_smbus_read_word_swapped`. Katika SPI, neno la biti 8 hupita kama lilivyo, ila ukiweka `bits_per_word` kuwa 16, bafa lako linapaswa kuwa na namba katika mpangilio wa prosesa, na kugeuza ni kazi ya kidhibiti. Thamani za mti wa vifaa hukaa kwenye faili kwa kubwa-kwanza, lakini `of_property_read_u32` inakupa namba iliyokwisha kunyooshwa.

## Hatua ya 6: Iache sparse ikague

Jenga folda ya kiendeshi chako ukiwa umewasha ukaguzi:

```
make C=2 drivers/net/ethernet/kadi/
```

`C=1` hukagua faili zinazojengwa upya tu, na `C=2` hukagua zote. Katika kerneli za zamani ilibidi kuongeza `CF=-D__CHECK_ENDIAN__`; siku hizi ukaguzi wa mpangilio wa baiti huwa tayari umewashwa.

Onyo lolote linalotaja `restricted __le16` au mwenzake lina maana kwamba umechanganya mipangilio. Lile linalokuambia kwamba aina hiyo imeshuka kuwa namba ya kawaida hutokana na hesabu juu ya thamani isiyogeuzwa. Lile la kulazimisha aina kuwa `restricted` mara nyingi hufichua ugeuzaji wa mara mbili uliotajwa katika hatua ya 3.

Kishawishi kikubwa hapa ni neno `__force`, ambalo huzima onyo mara moja. Litumie pale tu ambapo unaweza kuandika sababu katika mstari wa maelezo juu yake, na sababu hiyo isiwe kwamba sparse inasumbua. Ukiona unahitaji `__force` zaidi ya mara moja au mbili katika kiendeshi kizima, rudi kwenye hatua ya 2, kwa kuwa kuna aina uliyoitangaza vibaya.

Sparse ina upofu wake. Haioni kitu kinachopita katika `void *` wala `memcpy`, na haijui kama waraka wa kifaa ulisema kweli. Kufaulu katika hatua hii ni kukosa onyo lolote la mpangilio. Hakumaanishi kwamba kifaa kitafanya kazi.

## Hatua ya 7: Endesha kiendeshi kwenye prosesa ya kubwa-kwanza

```
make ARCH=powerpc CROSS_COMPILE=powerpc64-linux-gnu- ppc64_defconfig
make ARCH=powerpc CROSS_COMPILE=powerpc64-linux-gnu- vmlinux
qemu-system-ppc64 -M pseries -m 2G -nographic \
    -kernel vmlinux -initrd initrd.img -append "console=hvc0"
```

Hakikisha kwamba `CONFIG_CPU_BIG_ENDIAN` imewashwa, la sivyo utapima kile kile ulichokipima kwenye x86. Ikiwa QEMU ina mfano wa kifaa chako au wa jamaa yake wa karibu, uongeze kwa `-device`. Ikiwa haina, tenga msimbo unaojaza na kusoma deskripta katika vitendakazi vyake, uvipe thamani kama `0x11223344`, kisha linganisha baiti zilizotua kwenye kumbukumbu na zile zilizoandikwa katika waraka. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, nacho hukamata sehemu kubwa ya makosa.

Matokeo yakikataa kukubaliana, umbo la kosa litakuelekeza. `44 33 22 11` badala ya `11 22 33 44` ni ugeuzaji uliokosekana au uliorudiwa. `22 11 44 33` ni neno la biti 32 lililogeuzwa kama maneno mawili ya biti 16. Anwani ya biti 64 ambayo nusu zake mbili zimebadilishana nafasi, huku kila nusu ikiwa sahihi, ina maana kwamba kifaa kinataka sehemu mbili za `__le32`. Zijaze kwa `lower_32_bits` na `upper_32_bits` kwa mfuatano uliotajwa na waraka. Data ikiwa salama lakini urefu wake ni 16384 pale ulipotarajia 64, tazama deskripta peke yake na uache bafa.

Baada ya kufaulu, rudi kwenye x86 kwa kipimo cha mwisho. Huko `cpu_to_le32` na wenzake wa `le` hawazalishi agizo lolote la mashine, hivyo mabadiliko yaliyogusa aina za `__le` na ugeuzaji wake pekee yanapaswa kuacha faili la `.o` likiwa na msimbo ule ule. Lijenge kabla na baada, kisha ulinganishe kwa `scripts/bloat-o-meter`, na ikibidi kwa `objdump -d`. Kitendakazi kilichobadilika ukubwa bila kuhusika na `__be` au anwani ya MAC kimebadilishwa mantiki yake wakati wa marekebisho, nacho ndicho cha kusomwa upya kabla ya kutuma kiraka.